Ukatili wa Nyumbani Wakati wa Janga la Ugonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, ushauri uliotolewa karibu kila mahali ulikuwa mmoja: kaa nyumbani. Kwa watu wengi ushauri huo ulikuwa wa kweli na uliokoa maisha. Kwa anayeishi na mtu anayempiga, anayemtukana au anayemnyima hata nauli ya kwenda hospitali, ulikuwa sawa na kufungiwa chumba kimoja na kile anachokikimbia. Majibu yafuatayo yanaeleza mambo yanayoongeza hatari hiyo wakati wa mlipuko wa maradhi na hatua zinazoweza kuchukuliwa. Ikiwa mtu unayeishi naye ana tabia ya kukagua simu yako, ni salama zaidi kusoma ukurasa huu kwenye simu ya mtu unayemwamini, au kufuta kumbukumbu za kurasa ulizofungua kabla ya kuiweka simu chini.

Kihatarishi ni nini, na kinatofautianaje na chanzo cha ukatili?

Kihatarishi ni hali ambayo ikiwepo, uwezekano wa ukatili kutokea, au wa ukatili uliopo kuwa mkali zaidi, huongezeka. Hali hiyo haimlazimishi mtu kuwa mkatili, wala haiwezi kuwa udhuru wake. Wapo watu chungu nzima waliopoteza kazi mwaka 2020, wakakaa miezi kadhaa katika nyumba finyu huku madeni yakiwafika shingoni, na hawakumwinulia mtu mkono. Mvua kubwa haitoboi paa. Hupita palipokwisha kutoboka na kupapanua.

Wataalamu hupanga vihatarishi katika tabaka nne: mtu binafsi na historia yake, uhusiano wenyewe, jamii inayowazunguka, na hatimaye sheria, mila na uchumi wa jamii pana. Upekee wa janga la ugonjwa ni kwamba huzigusa tabaka zote nne kwa wakati mmoja. Mtu anakosa kipato, wanandoa wanashinda pamoja usiku na mchana, majirani na jamaa wanaacha kutembeleana, na mahakama pamoja na ofisi za ustawi wa jamii zinafungwa au kupunguza huduma, yote ndani ya wiki moja.

Ukatili wa nyumbani ni kipigo tu?

Hapana. Ni pamoja na kulazimishwa tendo la ndoa, matusi na vitisho, kunyimwa fedha au kunyang'anywa mshahara, kuzuiwa kuonana na ndugu, kufuatiliwa kupitia simu, na kutishiwa kupokonywa watoto. Wengi walioathirika husema kwamba kilichowachosha zaidi ya kofi ni kuishi kwa kubahatisha, bila kujua leo neno gani litaleta balaa.

Kuna ushahidi gani kwamba ukatili huongezeka wakati wa janga?

Ni vizuri kuanza na hali ilivyokuwa kabla. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa Machi 2021, yaliyotokana na takwimu za miaka ya 2000 hadi 2018, yalionyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wake, au ukatili wa kingono na mtu mwingine. UVIKO-19 haukuukuta ulimwengu ukiwa na amani majumbani.

Mwanzoni mwa Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, ambaye siku chache kabla alikuwa ameomba silaha ziwekwe chini katika vita vyote duniani, aliomba amani hiyohiyo ndani ya nyumba. Mwezi huohuo Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilikadiria kwamba kila miezi 3 ya vizuizi ingeweza kuleta matukio mapya milioni 15 ya ukatili wa kijinsia. Hayo yalikuwa makadirio ya mbele, si hesabu ya matukio yaliyokwisha kutokea, na ni makosa kuyanukuu kana kwamba yalihesabiwa. Tafiti zilizofuata zilitoa picha isiyo sawa kila mahali. Uchambuzi uliotolewa nchini Marekani Februari 2021, ukiunganisha matokeo ya tafiti nyingi, ulikuta ongezeko la takriban asilimia 8 nchini humo baada ya amri za kukaa ndani. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia wanawake lilipowahoji wanawake wa nchi 13 mwaka 2021, asilimia 45 walisema kwamba wao wenyewe, au mwanamke wanayemfahamu, wamepatwa na aina fulani ya ukatili tangu janga lianze.

Kama hatari iliongezeka, kwa nini baadhi ya simu za msaada zilipata wapigaji wachache?

Hili ndilo swali linalowapotosha watunga sera kuliko mengine yote, kwa hiyo linastahili jibu refu kidogo. Nchini Italia, wiki za kwanza za kufungiwa ndani, Machi 2020, shirika moja kongwe linalosaidia wanawake lilishuhudia simu zikipungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Baadaye, namba ya kitaifa ya nchi hiyohiyo ilipotangazwa kwa nguvu na watu wakazoea kutumia ujumbe wa maandishi, mawasiliano ya kati ya Machi na katikati ya Aprili yalizidi yale ya kipindi hichohicho mwaka uliotangulia kwa zaidi ya asilimia 70. Wanawake walikuwa walewale, na waume walewale. Kilichobadilika ni nafasi ya kuzungumza.

Kabla ya janga, mtu alipiga simu ya msaada wakati mwenzake yuko kazini, au yeye mwenyewe akiwa njiani kutoka kumpeleka mtoto shule. Vizuizi viliondoa saa hizo zote. Anayepokea simu za msaada hujifunza kusikiliza yaliyo nyuma ya sauti: bomba la maji lililoachwa wazi makusudi, mnong'ono unaokatika ghafla na kugeuka maneno ya kawaida, "Haya dada, nitakupigia kesho kuhusu zile nguo," kumbe mlango umefunguliwa. Kwa hiyo ukimya katika takwimu za polisi au za simu hauthibitishi usalama. Pengine unathibitisha kinyume chake.

Ni vihatarishi gani vinavyokuwepo kabla ya janga na kuzidishwa nalo?

Kilicho kizito kuliko vyote ni ukatili wa nyuma: aliyekwisha kumpiga au kumtisha mwenzi wake yuko karibu zaidi na kurudia kuliko mtu mwingine yeyote. Vingine vinavyotajwa mara kwa mara ni kukulia katika nyumba yenye kipigo, ulevi, wivu wa kupindukia, imani kwamba mwanamume ana haki ya "kumrudi" mkewe, tofauti kubwa ya nguvu ya kifedha baina ya wenzi, na jamii inayochukulia ugomvi wa ndani kuwa siri ya familia. Ujauzito nao unahitaji uangalizi, kwa kuwa wanawake wengine hupigwa kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito, na wakati wa janga baadhi yao hukosa kliniki, mahali ambapo mkunga angeweza kuona alama na kuuliza.

Kukosa kazi na fedha kunahusikaje?

Kwa njia mbili zinazokutana. Upande wa mtenda ukatili, kupoteza kipato humgusa anayejipima utu wake kwa uwezo wa kulisha familia, na baadhi ya watu wa namna hiyo hujaribu kurudisha heshima waliyoona imepotea kwa kukaza amri ndani ya nyumba. Upande wa anayetendewa, kukosa fedha kunafunga mlango wa kutokea. Aliyekuwa akidunduliza kidogokidogo ili siku moja apange chumba chake hutumia akiba ile kwa mahitaji ya mwezi, na mpango wa kuondoka unaahirishwa bila tarehe.

Binafsi naona njia hii ya pili haipewi uzito unaostahili. Mijadala mingi huzungumzia hasira za aliyepoteza kazi, na michache huuliza aliyepigwa ana shilingi ngapi mfukoni. Ilhali mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu ruzuku za fedha kwa kaya maskini yalikuta kwamba, kati ya tafiti 22, 16 zilionyesha ukatili wa wenzi kupungua. Fedha hizo hazikutolewa kwa ajili ya kupambana na ukatili. Zilipunguza tu ugomvi wa kila siku juu ya matumizi na kumwongezea mwanamke uwezo wa kusema hapana.

Je, pombe ndiyo tatizo kubwa?

Pombe hulegeza breki na huongeza ukali wa majeraha, lakini walevi wengi hawapigi mtu na wapigaji wengi hupiga wakiwa wazima kabisa. Hata hivyo serikali kadhaa ziliona uhusiano huo kuwa mkubwa kiasi cha kuchukua hatua. Mwishoni mwa Machi 2020 Greenland ilipiga marufuku uuzaji wa pombe katika mji mkuu wake, Nuuk, na sababu iliyotajwa waziwazi ilikuwa kuwalinda watoto dhidi ya ukatili majumbani. Afrika Kusini nayo ilisimamisha uuzaji wa pombe tarehe 27 Machi 2020, na hospitali zake zikaona majeruhi wakipungua. Inafaa kukumbuka kwamba watu walikuwa wamezuiwa kutoka pia, kwa hiyo si rahisi kutenganisha athari ya marufuku moja na nyingine.

Ugonjwa wenyewe unaweza kutumiwa kama silaha?

Ndiyo, na hili halikuwa likifikiriwa sana kabla ya mwaka 2020. Mtu anayependa kudhibiti mwenzake hupata katika kanuni za afya hoja ambayo ni vigumu kuipinga. Anaficha barakoa au sabuni, kisha anamlaumu mwenzake kwa uzembe. Anamwambia kwamba akikohoa tu atatolewa nje na hakuna ndugu atakayempokea. Anamkataza mwenzake aliye muuguzi asiende kazini kwa madai kwamba ataleta maradhi nyumbani, au anawakataza wazazi wa mke wasifike kwa hoja hiyohiyo, wakati rafiki zake mwenyewe huingia na kutoka. Anahesabu dakika za kwenda duka la dawa na kurudi, na zikizidi, maswali huanzia mlangoni. Kila jambo, likichukuliwa peke yake, laonekana tahadhari ya kawaida. Ili kutofautisha, uliza swali moja: je, kanuni hiyo inamhusu kila mtu wa nyumba, au inamhusu mmoja tu?

"Mume wangu hakuwahi kunipiga kabla ya janga. Je, si msongo wa mawazo tu?"

Inawezekana kwamba msongo ulichangia, na uchungu wake unaweza kuwa wa kweli kabisa. Lakini tazama unaelekezwa kwa nani. Mtu anayezungumza na bosi wake kwenye simu kwa unyenyekevu saa nne asubuhi, kisha saa nne na dakika tano anarusha kikombe ukutani kwa sababu mtoto amelia, hakushindwa kujizuia. Alijizuia vizuri sana pale alipohitaji.

Inasaidia pia kurudi nyuma na kujiuliza maswali ambayo hayahusu kipigo. Kabla ya janga, nani alishika fedha? Nani aliamua uonane na nani? Ulikuwa ukipima maneno kabla ya kuyasema? Kwa baadhi ya wenzi, ugomvi mkali uliotokea ni jambo jipya, lililotokana na hali ngumu, na msaada wa mapema unaweza kulizuia lisiote mizizi. Kwa wengine, kipigo cha kwanza ni sura mpya ya udhibiti uliokuwepo miaka mingi, ila ulikuwa haujahitaji mkono. Katika hali hii ya pili, ushauri nasaha wa pamoja unaweza kuongeza hatari, kwa sababu anayetawaliwa hawezi kusema ukweli mbele ya anayemtawala na kisha warudi nyumba moja. Ni bora kila mmoja aonwe peke yake.

Nani wengine wako kwenye hatari, mbali na wake?

Watoto wanatangulia. Kilele cha kufungwa kwa shule mwaka 2020 kiliwaweka nyumbani wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani, na pamoja na masomo walipoteza macho ya walimu. Somo hili lilikuwa limeshajulikana: mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 ulipofunga shule nchini Sierra Leone, mimba za wasichana wadogo ziliongezeka, baadhi zikitokana na kubakwa au kurubuniwa. Watoto wenye ulemavu wanakabiliwa na hatari ya ukatili karibu mara 4 ya watoto wengine, na anayehitaji msaada wa kuoga au kula mara nyingi hutegemea mtu yuleyule anayemtesa.

Wazee nao wamo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hunyanyaswa kwa namna fulani katika mwaka mmoja, na kutengwa kwao kwa nia njema, ili wasiambukizwe, kuliwaondolea wageni ambao wangegundua. Wafanyakazi wa ndani wanaolala kwa waajiri hawakuwa na pa kwenda. Wanaume wanaopigwa na wenzi wao wapo, na aibu huwazuia kusema. Huduma inayowacheka huwafukuza moja kwa moja.

Ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba maisha yako hatarini?

Kukabwa koo, hata mara moja, ni dalili kubwa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2008 uliona kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa kuja kuuawa naye uliozidi mara 7. Aidha, aliyekabwa anaweza kuwa na madhara ya ndani bila alama yoyote shingoni, hivyo anapaswa kuonwa na daktari akisikia sauti imekauka, akimeza kwa shida, au kama alizirai. Dalili nyingine ni silaha ndani ya nyumba, vitisho vya kuua au kujiua, kufuatiliwa kila hatua, kulazimishwa tendo la ndoa, kupigwa akiwa mjamzito, na kipigo kinachozidi ukali au kinachokuja kwa karibukaribu. Kipindi cha kuachana, yaani siku za kutangaza kuondoka na wiki zinazofuata, ni cha hatari kubwa. Ndiyo maana usimwambie kwamba unaondoka kabla hujafika mahali salama.

Nifanye nini ikiwa nimefungiwa ndani na mtu anayeniumiza?

Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga namba ya dharura ya nchi yako, au toka nje, hata kama kuna marufuku ya kutoka. Nchi nyingi zilieleza bayana kwamba anayekimbia ukatili havunji amri, na hata pale ambapo haikuelezwa, uhai hutangulia.

Ikiwa bado una nafasi ya kupanga, fikiria nyumba yako chumba kwa chumba. Ugomvi ukianza, sogea mbali na jikoni na bafuni, kwa sababu jikoni kuna visu na bafuni hakuna mlango wa pili. Elekea palipo karibu na mlango wa nje. Kubaliana na mtu mmoja unayemwamini juu ya neno la siri, lililo la kawaida kiasi kwamba likisomwa halishtui, ambalo akilipata ataita msaada bila kukuuliza kitu. Weka vitambulisho, vyeti vya watoto, dawa na akiba kidogo mahali unapoweza kuvichukua kwa mkono mmoja, au mpe mtu avitunze. Wafundishe watoto kukimbilia kwa jirani na si kuamulia. Ukiumizwa, nenda kituo cha afya kila inapowezekana na ueleze kilichotokea, kwa kuwa kumbukumbu za matibabu husaidia mahakamani hata baada ya miaka.

Mimi ni jirani. Niingilie?

Ukisikia kelele za kuomba msaada, piga polisi. Usiingie peke yako kwenye ugomvi wenye silaha. Kwa hali zisizo za dharura, kitu kidogo kinaweza kukatiza jambo kubwa: kubisha hodi na kuomba kuazima mkasi kumewahi kumpa mtu dakika tano za kutoka chumbani. Ukimpata peke yake, usimwambie aondoke leo. Mwambie umesikia, unamwamini, na muulize angependa umsaidie vipi. Usimtumie ujumbe wa maandishi kuhusu jambo hilo, kwa sababu huenda atakayeusoma si yeye.

Kuna ishara ya mkono iliyoanzishwa nchini Kanada Aprili 2020 kwa ajili ya mazungumzo ya video: kiganja kinaelekezwa kwenye kamera, kidole gumba kinakunjwa ndani, kisha vidole vinne vinakifunika. Ukiiona, usishtuke kwa sauti. Endelea na mazungumzo ya kawaida, kisha uulize maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana.

Serikali na taasisi zilifanya nini kilichosaidia?

Hatua zenye maana zilifuata mahali ambapo watu waliruhusiwa kufika. Duka la dawa lilikuwa wazi karibu kila nchi, kwa hiyo katika Visiwa vya Kanari, Uhispania, ilikubaliwa Machi 2020 kwamba anayeomba "barakoa 19" kaunta anaitiwa msaada, na mpango wa namna hiyo ukaenea katika nchi nyingine. Uingereza ilianza wa kwake madukani humo Januari 2021. Ufaransa ilitenga fedha za kulipia siku 20,000 za kulala hotelini kwa waliokimbia, kwani hoteli zilikuwa tupu na nyumba salama zilikuwa zimejaa. Kinachosahaulika mara nyingi ni jambo la kiofisi: kama watumishi wa nyumba salama na maafisa ustawi wa jamii hawakuorodheshwa miongoni mwa wenye huduma muhimu, wanazuiwa barabarani kama mtu mwingine yeyote.

Vizuizi vikiondolewa, hatari huisha?

Haiishi. Madeni hubaki na kesi zilizosimama mahakamani hubaki foleni. Wengi waliokuwa wakisubiri njia zifunguke huondoka wakati huo, nao ndio wakati ambao mtenda ukatili huona udhibiti ukimponyoka. Taarifa kwa polisi zinaweza kupanda ghafla, na anayezisoma asidhani kwamba ukatili umeanza wiki hiyo. Sehemu yake ni ya miezi iliyopita, iliyopata mlango wa kutokea sasa. Shule zinapofunguliwa, mwalimu huwa wa kwanza kumwona mtoto aliyekuwa mchangamfu akijikunja kila mlango unapofungwa kwa kishindo. Ndiyo sababu wiki za mwanzo za muhula huo zinahitaji afisa ustawi wa jamii awepo shuleni, na mwalimu awe ameshaambiwa ampeleke kwa nani.